Chagua Yale Yenye Sura Mbaya

Mwanangu Kabula,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mimi mzima, ila barua yako imenitia kichefuchefu. Eti hoteli ya huko Tanga imekupa kazi ya kupanga tangi la maji ya chumvi pale mapokezi, na wewe unataka kuweka tena matumbawe ya matawi, yale ya zambarau? Mwanangu, umesahau ile harufu?

Mimi sijasahau. Siku uliyonipeleka kwenye gesti ya bosi wako wa kwanza kule Ilemela, ulikotunza tangi lake, nilivaa kitenge cha kanisani. Enzi ya Ruksa ilikuwa imeingia, biashara zimefunguliwa, kila aliyeshika hela ya minofu ya sangara alijenga gesti, na kila gesti ilitaka kitu ambacho jirani hana. Ziwa lipo dirishani pale, lakini bosi akaniambia, "Ziwa kila mtu analo, mama. Mimi nataka bahari." Matumbawe yake yalikuja na ndege kutoka Dar, yamefungwa kwenye mifuko ya maji. Yalikuwa mazuri, nisiseme uongo.

Halafu akayatupia sangara. Ulimwambia mbele yangu, "Bosi, haya hayali hivyo, yanataka mwanga na maji safi." Akacheka. "Mwanza nzima inanenepa kwa sangara, haya ni nani yakatae?" Akadumbukiza mnofu na mafuta yake.

Niliporudi siku chache baadaye, maji yalikuwa kama supu iliyolala. Matawi yakabaki meupe kama mifupa, na nyama yake inaning'inia kama makamasi. Kha! Nimekulia kwenye dagaa wa kuanika, nimepasua matumbo ya samaki tangu mtoto, lakini harufu ile ilinikimbiza nje, nikatapika kwenye maua yake. Na bado akakufukuza wewe, mbele ya wageni: "Umeyaua!" Hilo mpaka leo linanichefua kuliko uvundo wenyewe.

Ukarudi nyumbani na tangi dogo, chumvi yake, na vitu viwili vya kwenye tangi lile vilivyogoma kufa. Kimoja bapa, kinateleza kama uyoga ulionyeshewa. Cha pili kama utumbo wa ng'ombe ambao haujaoshwa. Nikakuuliza, "Unaniletea uchafu huu ninapopikia?" Ukasema, "Haya ndiyo matumbawe ya mtu anayeanza, mama. Yanavumilia."

Ukachukua wembe, ukalikata lile la utumbo kama mtu anayekata marando ya viazi ya kupanda, ukafungia kipande kwenye jiwe kwa uzi. Ute mpaka kwenye viwiko! Nilikunawisha kwa sabuni, nikakunawisha tena, ndipo nikakuruhusu ushike ugali. Mama Nkwimba, jirani yetu, akachungulia. "Mama Kabula, hicho kitu ni cha mganga?" Nikamwambia ni cha binti yangu. "Basi afadhali kingekuwa cha mganga," akasema, akaenda zake.

Lakini kipande kikashika, kama rando.

Unakumbuka lile la utumbo lilivyojikunja, likaota ngozi inayong'aa kama nta? Nilishashika ndoo nikalitupe. Ukanizuia mkono. "Linajivua tu, mama. Lisubiri." Ile ngozi ikaja kuelea juu kama utando wa maziwa, nami siku hiyo sikunywa hata chai.

Sasa uko mbali, na wakikufukuza huko hakuna mama wa kukufungulia mlango. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Kwa hiyo nisikilize. Chagua yale yenye sura mbaya, la uyoga na hilo la utumbo. Umeme ukikatika yatangoja. Bosi mpya mwambie mapema, kabla hajapata wazo, asitupie kitu humo ndani. Yale ya matawi yaache baharini, bahari si iko hapo kwenu? Wageni waende wakayatazame huko. Na wakitaka kitu kizuri pale mapokezi, wewe si upo?

Lako la utumbo bado lipo kwenye tangi pale dirishani. Maji yakipungua naongeza ya mvua kama ulivyonionyesha. Umeme ukikatika nayakoroga kwa mkono, uso nimegeuzia ukutani. Bahari yenyewe sijawahi kuiona, lakini vidole vyangu vinanuka bahari.

Jana limejikunja tena. Linang'aa, linateleza, linatia kinyaa kabisa. Ndoo iko mlangoni.

Sijalitupa, mwanangu. Nalisubiri.

Ni mimi mama yako,
ninayekwenda kunawa.