Runinga Mpya Bado Imo Kwenye Boksi

Haneti, Chamwino,
Dodoma.
18 Mei 2025.

Mpendwa kaka Lameck,

Shikamoo. Hamjambo huko Bukoba, wewe na wifi Naima na watoto? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila mama magoti yanamsumbua na kikohozi cha vumbi kimemrudia. Mtama mwaka huu umekubali, uwele umegoma. Hizo ndizo salamu. Sasa nisikilize, maana kwenye simu huwa unakata.

Runinga uliyotutumia kwa basi ilifika salama, haina hata mkwaruzo. Ni bapa, kubwa, nzuri. Asante. Imo ndani ya boksi lake nyuma ya mlango wa chumba cha mama, na juu ya boksi tumeweka magunia. Ujumbe wako ulisema, "Hilo chogo la zamani la baba tupeni, mnaniaibisha." Kaka, nani akuaibishe na hapa huji?

Chogo lenyewe, hiyo runinga ya zamani yenye kisogo, tunajua lilikofikia. Kwanza rangi zilikimbia, watu wote wakawa kijani, hadi watangazaji wa habari. Kisha likawa haliwaki mpaka ulipige kofi ubavuni. Fundi Castory wa hapa sokoni kalifungua na kulifunga, hata juzi akakusanya bisibisi zake akaniambia, "Dada Priska, mimi nimenyoosha mikono. Hata kipuri chake siku hizi hakipatikani." Kwa hiyo usidhani tunaling'ang'ania kwa ujinga. Mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini lile ni la baba. Mbele yake ndipo alipokaa kuangalia Bunge, akigombana na wabunge kana kwamba wanamsikia. Na wewe uliyetutangulia kuzaliwa unajua vizuri kwamba kwetu vitu vya marehemu havitolewi vilipo mpaka msiba umalizwe, na wa kwanza kuvigusa ni mtoto wa kwanza. Wewe ulizika, ukapanda gari jioni ile ile, udongo ukiwa bado mbichi. Tangu hapo ni "nitakuja mwezi ujao" tu. Fimbo ya baba imeegemea ukuta, koti lake liko msumarini, na runinga yake iko mezani, imekufa, imefunikwa kitambaa. Mama analala na kuamka anaviangalia.

Nilipomwambia tuitoe tu, kimya kimya, alinijia juu: "Nimwondolee mume wangu vitu kama mwizi, na mwanawe yuko hai?" Hasira zilizokustahili wewe nimezimeza mimi. Nimechoka nazo, kaka.

Na umbali tungekusamehe. Lakini Aneth, yule jirani yetu anayepika chakula stendi ya Dodoma mjini, alikuona mwezi wa tatu unakula chipsi, unasubiri basi lako liendelee Dar. Alikusalimia, ukamwambia una haraka. Kutoka pale hadi hapa ni safari ya asubuhi tu! Mama alipoambiwa alikuwa anapepeta uwele. Akaendelea kupepeta. Mimi ndiye niliyelia.

Sasa baba mdogo Bartolomayo amekaa na wazee wa ukoo, wamesema msiba hauwezi kuning'inia mwaka mwingine. Mtama ukishaingia ghalani, matanga yanaanuliwa, uwepo usiwepo. Usipokuwepo, Gerson wa baba mdogo ataketi mahali pako. Yeye ndiye atakayekabidhiwa fimbo, yeye ndiye atakayeitoa runinga ya baba, na kuanzia hapo neno la nyumba hii litakuwa lake. Ukija baadaye utakaribishwa, utapewa kiti na chakula, lakini hutaulizwa jambo.

Mama amekubali. Nilidhani atalia, hakulia. Alisema siku hiyo hiyo tufungue na boksi lako, ataitazama runinga yako kwa adabu zote, kama zawadi ya mgeni.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie bibi yao anawajua kwa picha tu. Mdogo wetu Edina na shangazi Angelina wanakusalimu. Baba mdogo hakunituma salamu. Mungu akulinde njiani, kama utaianza njia.

Mdogo wako akupendaye, mwaka huu kwa shida,
Priska.