Vidonge Viwili vya Daku

Ngamiani, Tanga
20 Februari 1994

Mwanangu Shadya,

Salamu tele kwako na kwa mumeo, na Ramadhani njema huko Mombasa. Mimi ami yako sijapiga chafya hata moja tangu mwezi uandame. Haya, uongo: nimepiga hapo juu, ndiyo maana wino umeruka. Lakini zimepungua, na magodoro nashona kutwa ndani ya vumbi la sufi.

Vidonge vya chafya ulivyoniletea havilazi mtu. Vile vya zamani nilisinzia, nikaushona mkono wa kanzu yangu kwenye godoro la mteja. Alipokuja kulichukua alinikuta nami nimo.

Ila kimoja hakitoshi. Mchana nimefunga, siwezi kuongeza, basi nameza viwili wakati wa daku vinishike mpaka magharibi. Naviteremshia kwa maji ya balungi, na nikifuturu nayanywa tena, maana dawa bila kitu kichungu haikai. Siku hizi moyo unaruka kama kuku kashikwa miguu. Jana nilishikwa na kizunguzungu nikaangukia sufi. Swaumu tu hiyo.

Ami yako,
Mjaka

Mombasa
22 Februari

Ami, shikamoo.

Natumai barua hii inakukuta mzima, na leo sisemi kwa mazoea.

Hiyo si swaumu! Acha vidonge leo hii. Hapa kwenye duka letu la dawa tumeonywa juu ya hiyo: haileti usingizi, lakini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, hata kuua. Ndiyo maana nilikwambia kimoja kwa siku, basi. Na balungi ndilo linaloharibu zaidi, linauzuia mwili kuimaliza dawa, inajazana. Nenda hospitali, usingoje magharibi. Chukua na pakiti waione. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, ami, siku utalipa.

Nampa Uweso wa basi akukabidhi mkononi.

Mwanao,
Shadya

Mombasa
25 Februari

Ami, shikamoo.

Uweso karudi bila jibu. Alikuta nyumba imefungwa, akaisukuma barua chini ya mlango. Anasema sufi iko barazani inapeperuka. Wewe huachi sufi nje, ami, hata kwa dakika moja. Niandikie neno moja, japo tusi. Kimya kikiendelea, Jumapili navuka mpaka wa Horohoro.

Mwanao,
Shadya

Hospitali, Tanga
26 Februari

Mwanangu Shadya,

Usivuke, sijafa; barua yako ya jana nimeipata. Nilianguka barazani, jirani yetu Mboni akanileta huku. Kila mtu akasema njaa ya swaumu, basi Mboni, kwa huruma zake, akawa ananikamulia balungi kila jioni. Juzi alikwenda nyumbani kwangu kunichukulia msuli, akakanyaga barua yako ya kwanza. Alipofika wodini nilikuwa na kikombe cha balungi mdomoni. Alikipiga kofi, meno yangu mawili ya mbele hayana hamu naye tena.

Daktari akaisoma barua, uso ukambadilika, nikafungwa nyaya za mashine ya moyo kama redio mbovu. Sasa moyo umetulia. Kanibadilishia dawa: kimoja tu, na nisichanganye na kitu kabla ya kumuuliza. Kwenye sufi nijifunge kitambaa puani.

Kwa hiyo nimemuuliza. Kasema halua haina neno. Unakumbuka nilipokushonea godoro la harusi ukaniahidi kopo la halua ya Mombasa? Watoto mmeshazaa juu yake. Mpe Uweso.

Ami yako,
Mjaka