Siku Niliyomshikia Baba Mkwe Simu

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imekatika. Na mimi nimetulia, kiasi.

Leo nimemgusa baba mkwe.

Msomaji wa mbali hataona ajabu. Lakini kwa sisi Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, na akimwona anakuja, anapisha. Wengi wa rika langu wameshaacha. Mzee hajaacha, nami kwa miaka yote tisa niliyoishi hapa Ndandalo nimemfuata yeye.

Miguu yake imevimba, pumzi hazimtoshi, na kwenye bodaboda hawezi tena kukaa. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati alituombea miadi ya simu ya video na daktari wa moyo aliyeko Mbeya. Simu ni yangu. Wa kuishika alikuwa wifi yangu Atupele, atoke Ipyana, kwa kuwa mume wangu yuko kazini Tunduma.

Saa nne ikafika, Atupele bado amekwama kwenye tope huko njiani. Simu ikaanza kuita.

Nilisimama mlangoni kwa mzee inaita tu mkononi. Tukiikosa hii, nyingine tutaipata lini? Nikajitanda kanga kichwani, nikaingia.

Mzee akageukia ukutani. Nikapokea, nikamwelekezea simu, macho yangu nikayapeleka mlangoni.

"Shikamoo, babu," akasema daktari, sauti ya mwanamke. "Mbona naona kisogo?"

Mzee akasema, "Daktari, mwambie mkamwana ashushe simu kidogo. Nitageuka."

Daktari akanirudia maneno yale yale, kana kwamba sikuyasikia. Nikashusha. Tukaendelea hivyo: mzee na mimi tuko hatua moja tu, maneno yetu yanazungukia Mbeya.

"Mama, bonyeza mguu hapo juu ya kifundo, nione."

Hapakuwa na mwingine wa kubonyeza. Nikapiga magoti, nikaweka kidole gumba. Ngozi ilikuwa ya baridi. Nilipoinua kidole, shimo likabaki. Mzee hakuuvuta mguu.

"Babu, ile dawa ya kupunguza maji mwilini unaimeza?"

Jibu nililijua. Nilishaviona vidonge vimejaa kwenye pakiti, nikamwita mbishi. Hata mume wangu nilimwambia hivyo.

"Simezi," mzee akasema. "Nikimeza natoka kila mara. Njia ya choo inapita jikoni. Mkamwana akiniona anakimbia, anaacha chakula motoni, hata kwenye mvua anatoka. Namwonea huruma."

Heshima yangu ndiyo iliyomnyima dawa.

Daktari akaniuliza, "Mama, jiko linaweza kuhama?"

"Linaweza," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza mbele ya mzee.

"Basi, babu, anza leo, kisha kila asubuhi. Wiki ijayo tuonane hivi hivi. Na akizidiwa pumzi kabla ya hapo, msingoje simu. Mleteni."

Atupele alifika mchana, tope hadi magotini. Akauliza nani kashika simu.

"Mimi."

Akanitazama muda mrefu. Akainama, akabeba figa moja, mimi nikabeba lingine, tukayahamishia mafiga upande wa pili wa nyumba, kwenye migomba.

Mzee amemeza kidonge. Tangu hapo amekwenda chooni mara nne. Nilikuwa naisikia fimbo yake, polepole, bila kusitasita. Mara ya mwisho alisimama nyuma ya ukuta, akasema kwa sauti, bila kumtaja mtu: "Ndaga fijo." Asante sana.

Sikuitika. Sikujua kama naruhusiwa.

Kesho asubuhi Atupele atakuwa amerudi kwake, na kidonge nitakipeleka mimi. Nitakiweka mlangoni, au mkononi mwake?