Kibandiko Kimerudi Kiooni

Mwanangu,

Supu iko jikoni, ipashe tu. Paka ameshakula, asikudanganye. Anua nguo, mvua isije ikazikuta nje.

Nimechukua gari langu. Ndiyo, na napita barabara kuu ya kulipia. Asubuhi ulibandua kwenye kioo cha mbele kile kibandiko kinachofungua mageti, ukaniambia, "Mama, magari ya kule yana kasi, na umri umekwenda." Kisha ukakificha kwenye droo ya mishumaa. Droo ile huwa anaipanga nani kama si mimi?

Miaka kumi na tisa nimeendesha basi la shule, wewe ukisinzia kwenye kiti cha nyuma yangu. Leo nimekuwa wa kufichiwa vitu! Mama yako mkubwa anatoka hospitali saa sita. Hatarudi na teksi wakati mdogo wake ana gari na anajua kuliendesha.

~~Kibandiko nimekiacha palepale drooni. Nitalipa taslimu getini, usijue nimepita wapi.~~

Hapana. Kwa nini nijifiche kama mwizi? Nimekibandika tena. Najua kila mara gari langu likipita geti, ujumbe unaingia kwenye simu yako. Basi uingie. Simu italia mara tatu nikienda, na mara tatu nikirudi na dada yangu.

Ikilia, usinipigie. Dereva hapokei simu akiwa barabarani. Hilo nilikufundisha mimi.

Mama, dereva wako wa kwanza