Neno la Siri Nililolipigia Kelele Stratford

Dada Salma,

Binti yako Rahma amekuta kipande cha gazeti ndani ya sanduku lako. Ni ile makala yangu ya gazeti la jumuiya, ambamo nilidai kwamba ulifukuzwa kazi Stratford, hapa London, kwa sababu ya mtandio wako. Anataka kuisoma Jumapili baada ya hitima yako, watu wote wakiwa wamekaa. Basi nakuandikia kabla ya Jumapili, tena hadharani, kwa sababu uongo wenyewe niliuandika hadharani.

Kazi ile ya mitandao uliijua wewe, mimi nilikuwa mshika ngazi tu. Ghala refu, foklifti ishirini za kuinulia mizigo, kila moja imefungwa kompyuta ndogo inayompa dereva oda kwa mtandao usio na waya. Foklifti zikihama safu, oda zilikatika. Wenye ghala walitaka kununua visanduku zaidi vya mawimbi wavitundike kwenye nguzo. Ukawakatalia. Visanduku vinatosha, ulisema. Kompyuta ndizo zinazong'ang'ania kisanduku cha mbali mpaka mawimbi yake yafe kabisa, ndipo zitafute cha karibu.

"Kama wewe na hoja zako," ukanambia. "Hata zikifa huziachi."

Ukazipanga upya moja moja: mawimbi yakishuka hadi kipimo cha hasi sabini, achia, shika kingine. Kisha ukauondoa ulinzi wa zamani, ambao mtu yeyote mwenye laptopu na subira angeuvunja, ukaweka mpya wenye neno la siri refu. Ulichagua jina la kanga ya mama: siogopi mtu kwa maneno yake. Ukaniandikia kwenye karatasi ili niliingize kwenye kila kompyuta, na kunipa sharti moja, nisilitamke.

Kwenye foklifti ya kumi na tatu nilikuwa nimeisahau karatasi chini, na nimechoka kupanda na kushuka. Wewe ulikuwa mwisho wa safu. Nikapaza sauti: "Dada! Siogopi mtu, halafu nini?"

Kabla hujajibu, Harbans, yule dereva Singasinga wa Southall, akadakia kutoka foklifti ya pili: "Kwa maneno yake, bwana! Leso hiyo mama yangu alikuwa nayo Kisumu!"

Madereva wakacheka, nami nikacheka. Wewe hukucheka. "We Hamidi, London nzima unadhani Kiswahili tunakijua sisi tu?"

Ndiyo, nilidhani hivyo. Miaka yote tulisengenya watu mbele ya nyuso zao kwenye mabasi ya Tottenham kwa imani hiyohiyo.

Ulitaka kulibadilisha neno siku ileile. Mimi ndiye niliyekuzuia: kumi na tatu zimeshaingizwa, na Harbans ni mtu wetu. Kufika Ijumaa neno lilikuwa limezunguka ghala zima kama mzaha. Laptopu ya mtu ikaingia mtandaoni kutoka chumba cha chai, ikitafuta matokeo ya kriketi, ikaleta virusi. Oda zikasimama nusu siku. Meneja akauliza nani aliyelitoa neno la siri. Nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika ngazi.

Ukasema, "Neno la siri ni dhamana yangu." Hawakukuita tena.

Nikaenda nyumbani nikaandika. Mtandio, lafudhi, ukoloni, vyote nikavipanga kwa hasira nzuri. Ulisoma umesimama jikoni, ukalikunja gazeti. "Umeandika vizuri, mdogo wangu. Ila mpiga kelele umemsahau."

Nikabishana nawe mpaka chai ikapoa. Nilisema ubaguzi upo. Upo, na nitapigana nao mpaka mwisho. Meneja yule hata jina lako hakuwahi kulitamka sawasawa. Lakini siku ile aliuliza swali la haki, na jibu nilikuwa nalo mimi. Nilichukua jambo la kweli nikalifanya pazia la kujifichia. Anayetaka kutuita waongo hahitaji zawadi kubwa kuliko hiyo.

Nawe ukaitunza makala miaka yote hiyo, usimwambie mtoto neno.

Jana Rahma alinipigia simu. "Mjomba, ni kweli lakini? Like, really?" Nikamwambia asubiri barua.

Barua ndiyo hii. Jumapili asome hii, ile airudishe sandukuni. Nitakaa mbele, wanione. Na atakayesimama kunisema, sitamjibu.

Mdogo wako,
mpiga kelele wa foklifti ya kumi na tatu