Shahidi wa Bonde la Tindiga

Tindiga, Kilosa,
9 Novemba 2002

Kaka yangu mpendwa Amos,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na masomo yako ya sheria yanaendelea vizuri. Sisi huku tunapumua. Mama mguu unamsumbua kila mvua zikikaribia, lakini shambani anakwenda. Baba ni mzima kwa macho ya watu.

Chuo chenu kinasifika sana kwa sheria za mazingira. Baba alipenda kulitamka neno hilo, mazingira, mbele ya wafugaji wenzake kwenye mnada wa kijiji cha Ulaya, kama mtu anayetaja jina la mkwe tajiri. Alikuwa akiwaambia kwamba huyu mwekezaji akituzidi nguvu, mwanawe atakuja na kitabu.

Sasa ametuzidi. Ulipoondoka alikuwa na lile shamba la mkonge la zamani tu. Siku hizi ameziba mto kwa tuta ili apeleke maji kwenye miwa yake, na bonde letu la kunyweshea anasema ni lake, eti sisi ndio tunaoharibu chanzo cha maji. Mwezi wa nane walinzi wake waliwaswaga ng'ombe wetu wote wakawafungia ndani ya uzio wa waya bila maji. Kila asubuhi baba alikwenda kuomba walau awanyweshe. Walimwambia akae nje ya waya, akakaa, akawasikiliza ng'ombe wakilia mpaka wakanyamaza. Ndama walitangulia. Alinikataza kukuandikia habari hii, akasema utashindwa kusoma.

Habari ya basi lenu unaijua, lakini nitakusimulia jinsi tulivyoiona sisi. Mlikuwa mmetoka Mikumi kutazama wanyama, mkaletwa Tindiga kutazama bonde lililoharibiwa. Baba alikuona ukishuka kabla sijakuona mimi. Alifunga kifungo cha juu cha shati lake. Ukapita mbele yake ukasema, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kama mzee yeyote anavyomwitikia kijana yeyote njiani. Wenzako hawakutambua kitu.

Mwalimu wenu, Dokta Sesilia, alimwomba baba aeleze yaliyotokea. Unajua baba akishikwa na uchungu Kiswahili kinamkimbia. Dokta akauliza ni nani kati yenu anayejua Kisukuma. Wewe ukajibu kwamba hukijui, umezaliwa Morogoro mjini. Nikatafsiri mimi. Halafu kijana mmoja mwenye miwani akauliza kama ni kweli wafugaji humaliza ardhi, na hukumsubiri mwalimu ajibu. Ulisema watu hawa ni kama nzige, wakimaliza kwao wanahamia kwa wenzao. Hilo sikulitafsiri. Baba alilielewa.

Mkiwa mnarudi kwenye basi, msichana mmoja aitwaye Devota alinishika mkono akanipa pole. Akanionyesha wewe kwa kidole, akaniambia nisikuchukie, umekulia maisha mazuri tu, baba yako ana nyumba ya wageni Mikumi. Nikamwambia sikuchukii.

Mama alikuwa shambani siku hiyo. Jioni aliuliza kama ulikuwemo ndani ya basi. Baba akamwambia hukuwemo, ulikuwa na mtihani. Mama akasikitika, akasema angekupikia.

Baada ya majuma machache Dokta Sesilia alirudi peke yake. Alisema chuo kina kitengo cha kuwasaidia wanyonge mahakamani bila malipo, na kwamba sheria ileile anayotutishia nayo mwekezaji inamkataza kuziba mto. Alitaka baba afungue kesi. Baba alimshukuru, akamkaribisha uji, akakataa. Alisema ni mzee, amechoka.

Dokta alipoondoka nilimuuliza baba kwa nini. Aliniambia hivi: "Mahakamani wataniapisha kwa Biblia. Wataniuliza nina watoto wangapi, na wako wapi. Siwezi kuapa halafu nimkane mwanangu. Na nikimtaja, nimemharibia mbele ya wenzake." Basi, kaka, kwa ajili yako alikubali kupoteza bonde. Ng'ombe walikuwa wamekwisha.

Sasa nikwambie nililolifanya, na baba hajui. Jumatatu iliyopita nilipanda lori la mpunga hadi Kilosa, nikamkuta Dokta Sesilia pale alipofikia. Nimefungua kesi kwa jina langu. Aliniuliza nani atathibitisha kwamba serikali ya kijiji ndiyo iliyotugawia bonde lile. Nikamwambia mwenyekiti wa wakati ule, mzee Lazaro, ni marehemu, na mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Lakini yupo kijana aliyeshika kamba siku ya kupima, akapanda mikonge ya mpaka kwa mikono yake. Akaniuliza kijana huyo anaitwa nani na anapatikana wapi.

Nikamwambia. Aliacha kuandika. Kisha akaniuliza kama nina hakika, nami nikamtajia kovu lako la kisogoni, uliloachiwa na fahali wa baba. Akafunika kalamu yake, akasema atazungumza nawe mwenyewe. Nadhani barua hii itafika baada ya mazungumzo hayo.

Unaweza kusimama mahakamani ukasema ukweli, tukarudishiwa bonde. Unaweza pia kusema hutujui, umeshajifunza namna ya kusema hivyo. Safari hii utaapa kwanza, na mama atakuwa amekaa benchi la mbele. Nitamleta mwenyewe. Bado sijamwambia chochote.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usilale na dirisha wazi. Baba anakusalimu pia. Wasalimie wenzako, hasa Devota.

Ni mimi mdogo wako,
Bernadetha Jilala