Baba, Wacha Waseme Amelipiwa Kuku

Mvua ndefu ilikuja ikaenda, mvua fupi ikafuata, na sasa mwaka umetimia tangu utuage hapa Sindo, Baba yetu Nicodemus. Wengine wakiandika kumbukumbu huanza kwa machozi. Sisi ya kwetu tulishayalia, na tutayalia tena Mungu akitupa uhai, lakini leo utuwie radhi. Tuna habari, na ulimi unatuwasha. Yaliyotokea hapa nyumbani jana ungeyasikia, ungeweka chini sindano ya nyavu ukashika mbavu.

Ngoja kwanza tuwaambie wasiokujua. Ulikuwa fundi wa nyavu. Nyavu ambazo wengine walisema zitupwe, wewe ulizikalia asubuhi mpaka jioni zikarudi ziwani. Za wajane ulizishona kwanza, bila malipo, ukidai eti ni uzi uliobaki tu. Kwenye kwaya ya kanisa ulijua sauti ya teno peke yake, na ulituimbia hiyo hiyo nyumbani bila wimbo wenyewe, hata wageni wakadhani unaumwa. Chai yako bila tangawizi ilikuwa maji ya moto tu.

Halafu mbwa. Ai, Baba, wewe na mbwa.

Kwetu mtoto wa mbwa hapewi mtu bure. Anayemchukua huleta kuku, hata awe amekonda, ndipo mbwa anajua amehama. Asipolipiwa kuku, moyo wake hubaki alikozaliwa, na miguu huufuata moyo. Watu walikuja na kuku zao mkononi, wakainama juu ya watoto wa mbwa, wakachagua kwa macho. Wa kahawia mwenye soksi nyeupe alikuwa akienda kabla hujamaliza salamu. Mweupe waliomba watu wa kanisa, kwa kuwa anaonekana ameokoka. Wa madoadoa ni wa watoto. Mweusi je? Mweusi walimruka. Huyo, walisema, ni mbwa wa jajuok, yule mchawi anayekimbia usiku milangoni mwa watu. Ama ni mkali, atauma mwenye nyumba.

Ndivyo Wacha Waseme alivyobaki. Ndugu zake wote walichukuliwa, yeye akabaki uani, jike jeusi tititi, anatikisa mkia kwa kila mgeni na kila mgeni anatazama pembeni. Ukampa jina hilo kwa sauti, ili majirani wasikie. Mama yake alipozaa tena, ukachukua kapu la omena, dagaa wetu wa ziwani, ukawatia watoto wa mbwa ndani, ukalifunika shuka. "Weka mkono," ulimwambia kila mtu. "Atakayekulamba, huyo ndiye wako. Rangi ni shati tu."

Watu walilalamika, wakaweka mikono hata hivyo. Abdi mwenye duka la jumla alitaka mweusi alinde stoo. Yeye hashiki mbwa kwa sababu ya dini yake, kwa hiyo akamtuma mlinzi wake, na mlinzi akatoa mweupe kama unga. "Mzee Nicodemus," Abdi alisema, "huyu ataniibia yeye mwenyewe." Leo hakuna anayesogelea ile stoo, na Abdi anasimulia kana kwamba alimchagua kwa macho yake.

Ni mtu mmoja tu hukumshinda, naye ni Mama yetu Filister. Mama hukaanga samaki kando ya barabara, na alijua biashara yake inaliwa kwa mdomo kabla ya kuliwa kwa meno. Wakisema kwa Filister kuna mbwa wa jajuok, nani atakula samaki wake? Hakukugombeza. Alikuwa akisema tu, "Huyo ni mbwa wa Baba Lorine," akikuita kwa jina la binti yako, na siku zote alipita mbali na kapu lako.

Ulipotuacha, maneno yalikuja na waombolezaji. Nyarangi, jirani yetu aliyeolewa huku kutoka Migori, alisema mbele ya watu kwamba mbwa mweusi alikuwa amelala mlangoni wiki nzima uliyougua, basi watu wanataka ushahidi gani. Baba mdogo Willis, mdogo wako mwenyewe, akamgeukia Mama. "Shemeji, huyu mbwa aende. Akibaki, atachukua mwingine."

Mama hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikuwa amezika mume, na wateja walikuwa wameanza kununua samaki kwingine. Akasema, "Mpelekeni." Tulimwona anavyogeuza uso, Baba. Tulijua moyo wake haukuwa umesema hivyo.

Willis akamkodia pikipiki, yeye na mwanao Tony, wakampeleka mpaka Ndhiwa kwa rafiki yake Cephas. Na hapo, kwa haraka ya kuitua mikosi, mtu mzima aliyekulia boma hili akafanya kosa ambalo hata mtoto halifanyi. Cephas alipotaka kumshika kuku, Willis alimzuia. "Acha tu, mchukue hivyo hivyo." Tony anasema Wacha Waseme alikaa chini, akawatazama wakiondoka, kama anayesubiri mtu amalize mazungumzo.

Walimpeleka Alhamisi. Jumapili tukitoka kanisani tulimkuta kwenye banda lako la nyavu, miguu imevimba, amelaza kichwa juu ya mabaki ya uzi wako. Binti yako Cate alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Cephas alipiga simu akiomba msamaha, na Mama akamjibu, "Usiombe. Hukutoa kuku, hakuwa wako." Akaingia jikoni, akatoka na ugali uliochanganywa na omena. Akauweka chini, akasimama pale mpaka sahani ikaisha. Siku hiyo hakusema "mbwa wa Baba Lorine."

Sasa sikia utamu wenyewe. Asubuhi moja Mama alikuwa akiteremka ziwani na beseni tupu la samaki, Nyarangi nyuma yake. Wacha Waseme akakimbia mbele, akajilaza katikati ya njia. Mama akamruka. Mbwa akamshika pindo la sketi kwa meno, akavuta. Mama akampiga na beseni, naye hakuachia. "Si nilikuambia?" Nyarangi alisema kwa nyuma. "Sasa ameanza kukula wewe." Kabla hajafunga mdomo, matete yaliyokuwa mbele yao yakapasuka, kiboko akatoka shambani kurudi majini, akapita pale pale ambapo mguu wa Mama ungekuwa. Nyarangi alifika nyumbani na ndara moja. Saa sita mchana Sindo nzima ilikuwa inajua. Jioni hadithi ilikuwa tayari na viboko wawili, na Wacha Waseme amemng'oa mmoja jino.

Wateja wa Mama walirudi, Baba. Wakarudi na wenzao, wapate kula samaki huku wakimtazama mbwa.

Kisha Wacha Waseme akazaa. Watoto watano: wanne weusi kama mama yao, mmoja wa kahawia mwenye soksi nyeupe, yule ambaye zamani angepiganiwa.

Basi jana, tulipomaliza maombi ya kukukumbuka, uwanja ulijaa kuku. Tunasema kweli. Kila mgeni alikuwa na kuku, na kila mgeni alitaka mweusi. "Mweusi ana akili." "Mweusi anaona kiboko kwenye matete." Nyarangi alileta kuku wawili apewe mweusi wa kike. Na Willis, Willis wetu, alikuja na jogoo mwekundu kwapani, akasema kwa upole, "Shemeji, nitafutie yule aliye mweusi zaidi." Yule wa kahawia alipita kati ya miguu ya watu akitikisa mkia, na kila mtu akatazama pembeni.

Mama alimwona. Alisimama akimtazama muda mrefu, kisha akaingia jikoni. Kapu lako lilikuwa kwenye msumari tangu ulipolitundika, hakuna aliyethubutu kuligusa. Akalishusha. Akapangusa vumbi kwa leso yake, akawatia wote watano ndani, akalifunika na ile shuka yako.

"Wekeni mkono," alisema. "Rangi ni shati tu."

Baba, ilikuwa sauti yake, lakini maneno yalikuwa yako. Tulifurahi mpaka tukashikana mikono kama watoto wa shule.

Walilalamika, kama kawaida, wakaweka. Nyarangi alitoa mweusi, akacheza. Willis alikaa na mkono ndani ya kapu, uso ukamlegea, akasema, "Huyu amenishika kidole hataki kuachia." Akavuta. Wa kahawia. Watu walicheka hadi jogoo akashikwa na woga. Willis akamtazama yule mdogo anavyomnyonya kidole, akatutazama sisi, akamtazama Mama. "Jogoo wako nimempokea," Mama akamwambia. Willis akamweka mbwa ndani ya koti na kufunga vifungo, na mpaka anaondoka hakumtoa.

Wageni walipokwisha, Mama aliingia kwenye banda la kuku wake mwenyewe, akamshika yule tetea mweupe anayetaga kila siku, kuku ambaye hata pasta hajawahi kuchinjiwa. Akateremka naye mpaka kaburini kwako, Wacha Waseme akimfuata nyuma. Akamfunga tetea mguu kwenye msalaba wako.

"Baba Lorine," akasema, "kuku wako huyu. Mbwa sasa ni wangu."

Asubuhi ya leo tumekuta yai pale kaburini. Wacha Waseme alilala mlangoni kwa Mama, na kwa mara ya kwanza tangu utuache hakuenda kulala kwenye banda la nyavu.

Tunaokuenzi ni mkeo Filister. Wanao Lorine, Tony na Cate. Ndugu yako Willis, pamoja na mbwa wake wa kahawia. Marafiki zako Abdi na Cephas. Na jirani yako Nyarangi, aliyeomba aandikwe.

Kwa siku zote tutakazopewa, Baba, utakuwa mioyoni mwetu.